Mhadhara wa Mtaalamu wa Spika Tano na Sabufa Moja

Anayesimama mbele yenu ni Mtaalamu. Mtaalamu hatamki neno "mimi", kwa sababu neno hilo limeshachakazwa na watu wa kawaida. Shahada yake ya uzamivu katika usikilizaji wa sauti ya mzunguko alitunukiwa sebuleni kwake, na kamati iliyomtunuku ilikuwa na mjumbe mmoja, ambaye hakuona sababu ya kujipinga.

Mada ya leo ni namna ya kuhukumu zile albamu za zamani za roki ya progresivu zinazochanganywa upya ili sauti itoke kila upande wa chumba. Wapo wanaodhani kazi hii ni ya kukaa kitini na kusikiliza. Mtaalamu anawahurumia.

Kwanza, chumba. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, umependekeza mpangilio unaojulikana: spika ya katikati iwe mbele ya pua ya msikilizaji, mbili za mbele zikae nyuzi 30 kushoto na kulia, mbili za nyuma kati ya nyuzi 100 na 120, na zote ziwe umbali mmoja kutoka kwake. Sabufa inabeba mitetemo ya chini tu, ndiyo maana mfumo mzima unaitwa 5.1 na si 6. Mtaalamu alipopima nyuzi 110 upande wa kulia wa kochi lake aliangukia mlango wa jikoni, kwa hiyo spika hiyo imewekwa juu ya friji, ambayo nayo huchangia besi kwa wakati wake. Spika ya nyuma kushoto iliazimwa kwa ajili ya kitchen party na bado haijarudi. Hukumu zote zitakazotolewa hapa zimetolewa kwa spika 4 na friji moja.

Wasiojua historia hudhani mambo haya yaliletwa na maduka ya sinema za nyumbani. Tarehe 12 Mei 1967, katika ukumbi wa Queen Elizabeth Hall, London, Pink Floyd walifanya onyesho ambalo sauti yake ilizunguka ukumbi mzima. Kifaa kilichotumika kiliitwa Azimuth Co-ordinator, kilitengenezwa na fundi wa studio za Abbey Road aitwaye Bernard Speight, na Richard Wright, mpiga kinanda wao, alikiendesha kwa kusukuma kijiti kwa mkono: kikielekea kona fulani, sauti inahamia kona hiyo. Baada ya onyesho kifaa hicho kiliibwa. Mtaalamu anamheshimu mwizi yule kwa kuwa alitambua thamani ya kitu mapema kuliko wahakiki wote wa magazeti.

Kwa hiyo The Dark Side of the Moon, albamu ya Pink Floyd ya mwaka 1973, haikubebeshwa sauti ya mzunguko uzeeni, ilizaliwa nayo. Zile saa zinazolia kwa pamoja mwanzoni mwa "Time" zilirekodiwa na fundi wa sauti Alan Parsons katika duka la saa za kale, na alizirekodi kwa ajili ya kuonyesha uwezo wa kwadrafonia, yaani mfumo wa spika 4. Zile sarafu na mashine za fedha za "Money" zilikuwa vipande vya utepe vilivyokatwa kwa kupimwa na rula, vikaunganishwa kuwa duara linalozunguka kwenye mashine, mpigo kwa mpigo, hadi vikatoa hesabu ya mapigo 7. Hebu fikirini: mtu mzima, rula mkononi, anapima urefu wa sauti ya karatasi inayochanwa. Miksi ya spika 4 aliifanya Parsons mwenyewe mwaka 1973, na ndani yake fedha zinatembea chumbani kutoka kona hadi kona.

Ilipofika mwaka 2003, albamu ilipotimiza miaka 30, kazi ya miksi ya 5.1 hakupewa Parsons. Alipewa James Guthrie, aliyekuwa na bendi hiyo tangu enzi za albamu ya The Wall. Hapo mashabiki waligawanyika, na hawajapatana hadi leo. Kambi moja inasema Parsons alithubutu, Guthrie akaogopa. Kambi nyingine inasema Guthrie ana ustaarabu na Parsons alikuwa anachezea vifungo. Mwaka 2011 kampuni ya rekodi ikaziweka miksi zote mbili ndani ya sanduku moja la bei ya kutisha, na kambi zote mbili zikanunua.

Mtaalamu ana msimamo. Kanuni yake kuu, aliyoitunga mwenyewe na kuiidhinisha, inasema kila spika ipewe haki yake. Spika iliyonunuliwa kwa fedha taslimu haiwezi kukaa kimya dakika nzima huku zile za mbele zikineemeka.

Kanuni hii ndiyo iliyomgombanisha na Steven Wilson. Huyu ni Mwingereza, kiongozi wa Porcupine Tree, na tangu mwaka 2009 ndiye anayeitwa kila kanda ya kale inapotolewa kabatini: King Crimson, Jethro Tull, Yes, Gentle Giant. Kabla ya kugusa spika za nyuma, Wilson huijenga upya miksi ya zamani ya spika 2, kipande kwa kipande, hadi ifanane na ile ambayo watu wamelala nayo miaka 40. Baada ya hapo ndipo huifungua. Ngoma kwa kawaida huzibakiza mbele. Mtaalamu aliita jambo hili ubahili, akaandika barua kali, hakuituma.

Lakini kuna suala la kanda, ambalo Mtaalamu analitaja shingo upande kwa sababu linapunguza umuhimu wa masikio yake. In the Court of the Crimson King, albamu ya King Crimson, ilirekodiwa mwaka 1969 katika studio za Wessex, London, kwenye mashine ya njia 8. Njia 8 ni chache mno kwa bendi iliyopenda kurundika Mellotron, kinanda ambacho kila kitufe chake huvuta utepe wenye sauti iliyokwisha kurekodiwa, utepe unaoisha baada ya takriban sekunde 8. Njia zilipojaa, mafundi walizikusanya pamoja na kuzihamishia kwenye kanda nyingine ili wapate nafasi, na kila uhamisho uliongeza mvumo na kufunga ndoa baina ya vyombo ambavyo baadaye hakuna talaka ingeweza kuvitenganisha. Kwa toleo la mwaka 2009, Wilson na Robert Fripp wa King Crimson walirudi kwenye kanda za kabla ya uhamisho, wakazilinganisha ndani ya kompyuta, na vyombo vikapata tena nafasi ya kusimama kila kimoja peke yake. Anayehukumu miksi hiyo bila kujua hili anahukumu asichokijua. Mtaalamu mwenyewe aliihukumu kwanza, akasoma baadaye, na hukumu haikubadilika kwa sababu ilikuwa imeshapigwa muhuri.

Katika toleo hilohilo, Wilson na Fripp waliifupisha "Moonchild" kwa zaidi ya dakika 2, wakipunguza sehemu ya papo kwa papo ambayo vyombo vinagusana na kuachana bila haraka. Hapa Mtaalamu anaacha mzaha: huo si uchanganyaji, ni uhariri, na unapaswa kuhesabiwa kando. Fripp ana haki ya kukata kazi yake. Msikilizaji naye ana haki ya kuambiwa kwamba kisu kimepita.

Aqualung ya Jethro Tull, ya mwaka 1971, ilirekodiwa katika studio za Island za Barabara ya Basing, jengo lililowahi kuwa kanisa, na sauti yake ilikuwa na sifa mbaya kwa miongo minne. Rimiksi ya Wilson ya mwaka 2011 iliondoa ukungu huo. Hata Mtaalamu alinyamaza.

Genesis wao walimtumia Nick Davis kuchanganya upya albamu zao, na masanduku yao yakatoka mwaka 2007 na 2008. Wasikilizaji wengi walilalamika kwamba sauti imebanwa kama dagaa kwenye kiroba, kila chombo kikipiga kelele kwa kiwango kimoja. Spika zote zilipewa haki yake. Kanuni ya Mtaalamu ilitimizwa barabara, na matokeo hayakumpendeza. Suala hilo linachunguzwa na ile kamati ya mjumbe mmoja.

Kwa kulinganisha, sikilizeni Close to the Edge ya Yes, ya 1972, iliyochanganywa na Wilson mwaka 2013. Kinanda kikubwa cha mabomba anachopiga Rick Wakeman kilirekodiwa katika kanisa la St Giles-without-Cripplegate, London. Chombo cha namna hiyo hakina mbele wala nyuma, kinajaza jengo. Kinapokuja kutoka pande zote hakuna anayejiuliza kwa nini spika za nyuma zimeamka.

Wapo watakaolalamika kwamba Zanzibar haikutajwa. Inatajwa. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 na kujulikana duniani kama Freddie Mercury, ameimba katika A Night at the Opera ya Queen, ya mwaka 1975, ambayo Elliot Scheiner aliichanganya kwa 5.1 mwaka 2002. Watu wa progresivu husitasita kuwakubali Queen ndani ya nyumba. Wapelekwe kwenye "The Prophet's Song", dakika zaidi ya 8, pale vyombo vinaponyamaza na sauti ya Mercury inaanza kujibizana na mwangwi wake yenyewe, safu juu ya safu, ikimzunguka aliyekaa katikati. Kwa spika 2 ni ufundi. Kwa 5 mtu anageuza shingo kutafuta nani kaingia. Sebuleni kwa Mtaalamu, robo ya sauti hizo ilitokea juu ya friji, na bado nywele zilisimama.

Limebaki suala la Atmos, mfumo unaotaka spika hata za kushushia sauti kutoka juu. Mwaka 2023, The Dark Side of the Moon ilipotimiza miaka 50, miksi ya Guthrie ya Atmos ilitoka. Mwenye nyumba anakopanga Mtaalamu amekataza kutoboa dari. Kwa hiyo, baada ya utafiti wa kina, Mtaalamu ametamka kwamba Atmos ni mbwembwe tupu, na uamuzi huo utabaki hivyo hadi mkataba wa pango utakapoisha mwezi wa sita.