Namna ya Kulisha Mita: Mwongozo kwa Mpangaji Mgeni

Hongera kwa kupata fleti. Ipo ghorofa ya nne, Kinondoni, inapata upepo wa bahari kwa maelezo ya dalali, na haina gesi. Mwenye nyumba hataki mitungi kwenye jengo lake. Jiko ni la umeme, maji ya moto ni ya umeme, baridi ni ya umeme, na pampu inayopandisha maji hadi kwenye simtanki la juu nayo ni ya umeme. Dalali aliyataja haya kama sifa: "Hapa ni kisasa, bosi. Mambo ya kubeba mtungi ngazini hakuna." Ameshachukua kodi yake ya mwezi mmoja na hapokei simu tena, kwa hiyo yaliyobaki itabidi tukueleze sisi.

Utaanza kwa kununua umeme wa shilingi 10,000, kama ulivyozoea ulikotoka, ukitegemea ufike nao katikati ya mwezi. Siku ya pili jioni mita italia. Usihangaike. Mita imeonja tu, na mwongozo huu utakufundisha kuishibisha.

Kwanza kabisa, tafuta wa kulaumu. Utaratibu wake unajulikana mji mzima. Anaanza dada wa kazi, kwa sababu huacha taa ya jikoni inawaka. Taa yenyewe ni ya wati 9. Ikiwaka usiku na mchana kwa siku 30 haifikishi uniti 7. Dada atafokewa hata hivyo. Inafuata chaja ya simu iliyosahaulika ukutani, ambayo mwaka mzima ikining'inia bila simu haimalizi uniti 3, lakini wewe uichomoe kwa hasira ili familia ione kwamba baba yupo kazini. Baada ya chaja watashukiwa wageni, kisha jirani, kisha televisheni, na mwishowe utatangaza kwamba mita inakimbia. Hita ya bafuni haitatajwa popote. Imejificha juu ya dari, haina kelele, haina mwanga, na kila mtu ndani ya nyumba anaipenda.

Watuhumiwa wote hao hawapashi moto wala hawapozi chochote. Kinachotoa joto au baridi ndicho kinachokula, na vingine vyote vinadokoa. Hilo ni vyema ukalisahau mapema, la sivyo sehemu zinazofuata hazitakuwa na maana.

Sasa hita. Tangi la lita 50, likichukua maji ya nyuzi 25 na kuyafikisha 60, linatumia takriban uniti 2. Hapo hakuna ujanja, maji hayakopeshi. Lakini mlishaji hodari hawashi hita akioga na kuizima akimaliza. Huiacha ikiwaka tangu Jumatatu hadi Jumatatu, ili maji yakipoa yapashwe, yakipoa tena yapashwe tena, usiku kucha, hata ukiwa umesafiri kwenda msibani. Bomba la maji ya moto likidondosha matone, usiite fundi. Kila tone limelipiwa mara mbili, mara moja kwa pampu na mara moja kwa hita, na si kila mtu anaweza kujivunia tone la namna hiyo.

Tukumbushane pia kwamba hii ni Dar es Salaam. Simtanki jeusi juu ya paa linachomwa na jua tangu asubuhi, na mwezi wa Februari maji ya bomba la baridi yanatoka vuguvugu saa kumi jioni bila msaada wa mtu. Wifi yako aliyetoka Njombe hatalikubali hilo. Kwao watu huamkia baridi, na kuoga bila maji ya moto kwake ni kutafuta nimonia. Mwache. Mgeni hafundishwi kuoga.

Kiyoyozi nacho kina adabu yake. Weka 16. Wote huweka 16, wakiamini chumba kitapoa haraka zaidi. Kiyoyozi cha kawaida hakijui kuharakisha: kompresa yake ama inafanya kazi kwa nguvu zake zote, ama imepumzika. Ukiiwekea 25 itafika, itapumzika, itaamka tena baadaye. Ukiiwekea 16, katika joto la kaskazi, dirisha la jikoni likiwa wazi na watoto wakipita mlangoni kila dakika, haitafika kamwe, kwa hiyo haitapumzika kamwe. Chujio lisisafishwe, vumbi linapunguza upepo na kurefusha kazi. Halafu saa nane usiku vuta blanketi. Mtu aliyejifunika blanketi zito mjini Dar es Salaam mwezi wa pili ndiye mteja bora kuliko wote.

Jikoni hatutakaa sana. Maharage makavu, hayakulowekwa, sufuria imepinda kitako, mfuniko upo kabatini, saa tatu juu ya koili: uniti 3 hivi, yaani zaidi ya shilingi 1,000 kabla hujaweka nazi. Jiko la presha la umeme huyaivisha kwa chini ya uniti moja, ndiyo maana lisipewe nafasi. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Wewe mwenye nyumba wako ameshakuandikisha bila kukuuliza, na hakukupa jiko la presha.

Ukijumlisha hita, kiyoyozi cha usiku, friji na jiko, uniti 15 kwa siku ni kawaida kabisa. Hapa inabidi tuache utani kidogo, maana hesabu ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, haina utani. Katika kundi la T1, ambalo ndilo lako, uniti ni shilingi 292 kwa bei iliyowekwa 2016. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti (EWURA) asilimia 1, ikawa kama shilingi 356. Ndiyo sababu 10,000 inakupa uniti 28 tu, na ndiyo sababu mwezi wako utapita shilingi 160,000. Binamu yako wa Chanika, aliye kundi la D1, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo, na atakuringia kwenye kila kikao cha harusi. Sharti la D1 ni kutozidi uniti 75 kwa mwezi. Wewe unazimaliza kwa siku tano. Usimjibu.

Utasikia pia kwamba umeme hupanda bei mwanzoni mwa mwezi. Haupandi. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye ununuzi wa LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, na Julai 2023 ikawa 1,500 na 7,500. Ununuzi wa kwanza wa mwezi ndio unaoibeba. Na kama fleti ilikaa miezi bila mpangaji, malimbikizo yanamsubiri mtu wa kwanza atakayeingiza pesa. Mtu huyo ni wewe. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo, basi tunza risiti na uidai kwenye kodi ya nyumba. Atashangaa sana. Wenye nyumba hushangaa vizuri.

Kuna wakati, hata hivyo, mita kweli inalisha watu wengine, na kulijua hilo hakuhitaji fundi. Zima swichi kuu ya fleti, kisha teremka kwenye mita na uangalie kataa kake kekundu. Kakiendelea kupepesa, kuna kitu kimeunganishwa kabla ya swichi yako: taa za uzio, pengine saluni ya chini. Kakitulia, panda tena uliza nani mwingine amekatikiwa umeme. Kupepesa huko kunaweza pia kumaanisha kwamba mita si yako: kwenye jengo lenye mita kumi ukutani, namba saba na namba nane huweza kupishana tangu siku ya ujenzi, na mama wa namba nane akawa anakunywa chai yako kwa miaka. Ukimaliza hapo, washa hita peke yake. Mita nyingi zimeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake mipepeso elfu moja ni uniti moja. Hita ya kilowati 2 itakafanya kapepese kila baada ya sekunde mbili hivi. Mwite mumeo au mkeo aje atazame. Watu wengi huacha kumfokea dada siku hiyohiyo.

Zaidi ya hapo utakutana na wauza suluhisho. Wapo wanaouza kiboksi cha kuchomeka ukutani chenye taa ya kijani, kinachoahidi kupunguza matumizi kwa nusu. Kwa kawaida ndani mna kapasita, na kapasita haipunguzi uniti ambazo mita ya nyumbani inazihesabu. Kilichobaki kwenye kiboksi ni ile taa, nayo inakula umeme. Kisha atakuja kishoka, fundi asiye rasmi, na bisibisi yake, ataongea kwa sauti ya chini, ataahidi kuipitisha waya pembeni ya mita. Huyo usimsikilize hata kwa mzaha: ni wizi, ni hatari ya moto, na mkaguzi akifika jina lililo kwenye mkataba wa kupanga ni lako, la kishoka halipo popote.

Wala usingoje kuokolewa na wingi wa umeme. Megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji ni jambo jema kwa taifa. Haziwezi kuzima hita yako.

Kwa yule ambaye bado hajalipa kodi ya miezi sita na anasoma haya akiwa amekaa na dalali kwenye ngazi: omba namba ya mita, uulize ipo kundi gani na kama ina deni, na utake kuona risiti za LUKU za miezi mitatu ya mpangaji aliyetangulia, mmojawapo uwe wa joto. Zote zipo kwenye simu ya mtu fulani. Wakisema hazipatikani, endelea kutafuta nyumba.