Ni E Ngapi Mpaka Kwale?

Daktari aliponiambia nitembee hatua elfu kumi kwa siku, nilimuuliza swali lililomkera: elfu kumi ni mpaka wapi? Mimi nakaa Kombani. Nikishika njia ya Likoni zitaniishia wapi, na nikishika ya Ukunda zitaniishia wapi, ili nijue nibebe nauli kiasi gani ya kurudia? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa bei ya ng'ombe kliniki, akaandika dawa ya presha, akaita mgonjwa mwingine.

Swali langu lilikuwa la haki. Sisi wa Kombani tunaishi njia panda. Barabara kuu ya Likoni kwenda Lunga Lunga inapita hapa, na hapa hapa inachipuka nyingine, inapanda mlima kwenda Kwale na kuendelea hadi Kinango. Ukiacha kuuza maembe, kazi yetu kubwa ni kuwaelekeza watu. Na miaka yote niliyokaa sijamsikia mtu wa hapa akimtajia mgeni kilomita.

Kipimo chetu ni e. Kitu kikiwa "hapo tu", unakiendea na kikombe cha kahawa tungu mkononi na kahawa haimwagiki. "Pale" ni pale unapopaona. "Paleee" ya e tatu, vaa viatu. "Kuleee", na msemaji ameinua kidevu na kufumba jicho moja, hapo uliza matatu. Niliwahi kumsikia muuza madafu akivuta e mpaka akashika mti. Mgeni mwenyewe alikuwa akiulizia Msambweni. Ubaya wa kipimo hiki ni mmoja tu, kwamba kinategemea mapafu ya anayejibu. Mzee mwenye pumu atakwambia Lunga Lunga ni pale.

Na kinategemea pia aliyejibu anataka nini kwako. Mwulize kijana wa bodaboda kama pahali fulani ni mbali na wewe umeshika njia kwa miguu, atasema hapo tu, mzee wangu. Panda pikipiki yake uulize bei, na pahali pale pale pamehamia Tanzania.

Haya yote ningeyaacha yalivyo kama shemeji yangu asingenunua saa. Ni saa ya kuhesabu hatua, nyeusi, pana kama kifuniko cha sufuria ndogo, na tangu aivae hasalimii tena, anatangaza. "Leo elfu sita, shemeji, na sijala mchana." Jumamosi moja akaamua twende kwa miguu kutoka Kombani hadi Kwale. "Tukiondoka saa kumi na mbili, tutafika saa moja," akasema. Nikakaa nikafikiri: anamaanisha tutafika saa moja asubuhi, au tutatembea kwa muda wa saa moja? Nikapiga hesabu, nikaona maana zote mbili zinafika pamoja. Bahati mbaya zote mbili zilikuwa uongo.

Mimi nami husoma. Kuna Mskoti aliyeitwa William Naismith, mpanda milima, mwaka 1892 aliweka kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: kila maili tatu za njia zipe saa moja, kisha kila futi elfu mbili za kupanda ziongezee saa nyingine. Kwa vipimo vyetu ni kama kilomita tano kwa saa, na saa ya ziada kwa kila mita 600 za kimo. Kwale iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari. Hata tujihesabie tumetoka majini kabisa, tumelowa, mlima wenyewe unatudai dakika arobaini tu. Nilimweleza shemeji. Akabonyeza saa yake, akasema Naismith hayumo.

Basi nikaapa nitapima mwenyewe. Na njia nilikuwa nayo. Miaka ya 1860 Waingereza waliokuwa wakiitawala India walitaka ramani ya Tibet, na Tibet haikuwataka wao. Wakamchukua mwalimu wa shule wa milima ya Himalaya, Nain Singh, wakamfundisha kutembea kwa hatua za urefu mmoja, kwenye tambarare, kwenye mpando na kwenye mteremko. Akajifanya hujaji wa Kibudha, tasbihi mkononi. Tasbihi za wenzake zilikuwa na shanga 108. Yake ilikuwa na 100, na hakuna aliyemkagua. Kila hatua mia anavuta ushanga mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 1866 aliingia Lhasa hivyo, anahesabu. Tasbihi ikizunguka yote ni hatua elfu kumi, zile zile za daktari wangu. Ingawa hizo za daktari zina asili nyingine: zilivuma Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ilipotoa kifaa cha kufunga kiunoni ikakiita manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Namba ilianzia dukani, koti jeupe ikavishwa baadaye.

Nikatoa tasbihi ya marehemu baba. Ina shanga 99, moja pungufu ya Nain Singh, lakini Kwale nayo si Lhasa.

Kilichobaki ni kujua hatua yangu ina urefu gani. Nikaenda uwanja wa mpira jioni, nikatembea kutoka goli hadi goli, watoto wakinifuata nyuma kwa mstari. Hatua 152. Nikafurahi, nikarudi nyumbani kugawanya. Ndipo nikajua kwamba sheria za mpira zinaruhusu uwanja uwe na urefu wowote kati ya mita 90 na 120. Kwa hiyo hatua yangu ni sentimita 59, au ni 79, au ni chochote kilichoko katikati. Fundi cherehani angenipimia suruali namna hii ningempeleka kwa chifu.

Jumamosi tukaondoka. Saa kumi na mbili ya shemeji ikawa saa moja kasoro robo, maana mahamri yalichelewa kuumuka. Nilianza vizuri. Hatua mia, ushanga. Hatua mia, ushanga. Nyumba zikaanza kupungua na minazi ikaongezeka, umande ungali majanini, shemeji mbele anazungumza. Nilikuwa kwenye mia sita na arobaini na mbili mtu akatoka kichochoroni.

"Asalaam aleikum."

Hapo ndipo Naismith na Nain Singh wote wawili walipokufa. Huko Uskoti, nadhani, ukikutana na mtu mlimani unainua kofia unapita. Huku kwetu kuna salamu, na baada ya salamu kuna nyumbani, na nyumbani kuna watoto, na mmoja wa watoto hao ana homa tangu juzi, na homa hiyo ina dawa ambayo shangazi yangu wa Tiwi anaijua. Huwezi kumjibu mtu "mia sita arobaini na tatu". Nilipomaliza kuagana naye nikajikadiria mia saba, nikavuta ushanga kwa kubahatisha. Tukatembea kidogo, akatoka mwingine. Mpaka tunaanza kuukabili mlima wenyewe nilikuwa nimekadiria mara nne, na kila nikikadiria najipendelea.

Kisha akatokea yule mzee. Kanzu, bakora, kofia ya vito imekaa sawasawa. Akaitazama tasbihi mkononi mwangu, akatazama midomo yangu inavyocheza, akasimama.

"Mashallah," akasema. "Vijana wa siku hizi njiani wanasikiliza simu. Wewe, mwanangu, unaleta dhikri."

Ningesema nini? Ningemwambia, hapana babu, nilikuwa nasema mia tatu na kumi na tisa? Nikainamisha kichwa. Shemeji akakohoa. Mzee akaungana nasi, akatembea ubavuni mwangu kwa adabu, kimya, asinikatishe. Na mimi, kwa aibu, ikabidi nianze dhikri ya kweli. Ikawa shanga zinakwenda kwa kasi kuliko miguu. Alipokata kona kuelekea kwake aliniombea dua ndefu, nikaitikia amin, na tasbihi ilikuwa imezunguka mara tatu. Kwa kipimo cha Nain Singh nilikuwa nimeshaivuka Kwale, naelekea Kinango.

Mpando ukakaza. Hapa nataka niseme jambo ambalo wenye namba hawalisemi: hatua ya mlimani si hatua. Kule uwanjani mguu wangu ulikuwa ukijitupa. Huku ulikuwa ukisogea kama mtu anayetafuta ndara gizani. Ukiwa na hatua elfu moja za tambarare na elfu moja za mpando, huna elfu mbili za kitu chochote, kama vile machungwa matano na kokwa tano za embe si matunda kumi. Niliwahi kuliona hilo ndani ya hifadhi ya Shimba Hills, kwenye maporomoko ya Sheldrick. Kuteremka mpaka majini, na askari wa wanyama mbele yako, ni kama kilomita mbili, unashuka unacheka. Kurudi juu ni njia ile ile, na mimi nakuapia iliongezwa wakati tunapiga picha.

Shemeji akapendekeza njia ya mkato. Ya mkato haijawahi kumkatia mtu. Ilipitia mikorosho, ikapitia ua wa watu, ikatutoa mahali ambapo barabara tuliyoikimbia ilikuwa inatungoja, juu kidogo tu ya tulipoiachia. Tukakaa kwenye gogo. Akapita mama wa makamo, leso mbili, beseni la maembe kichwani, mtoto mgongoni, hatoki hata jasho.

"Mama, shikamoo. Kijiji cha Golini bado mbali?"

"Marahaba. Mbali wapi? Hapo tu."

Hakuwa na e hata moja. Nikampa shemeji mkono tukasimama. Tulitembea "hapo tu" hiyo kwa dakika thelathini na tano, na mama alikuwa amepotea kwenye kona ya kwanza.

Tulipoingia Kwale jua limekwisha kuwa jua. Tukaagiza chai na viazi vya karai, na vita vikaanza. Saa ya shemeji ilisema kilomita kumi na saba na nukta kadhaa. Haiwezekani, nikamwambia. Saa hizi hazihesabu miguu, zinahesabu mkono unavyotikisika, na wewe huzungumzi bila mikono. Umenihadithia harusi ya Ukunda toka tunaondoka, umeigiza ngoma yake, umeonyesha bibi harusi alivyoingia. Mkono wako umefika Kwale mara mbili. Akaniuliza tasbihi yangu inasemaje. Nikamwambia tisa. Tisa na nini? Tisa na salamu.

Mhudumu akaulizwa. Akatazama dirishani, akachomoza mdomo upande wa kuteremkia, hakutoa sauti.

Utaniambia, si muangalie vibao vya barabarani? Kibao kinahesabu lami. Hakikuwemo kwenye mikorosho.

Nje tukamuita wa boda. "Mumetoka wapi, wazee?" Kombani, kwa miguu. "Aa, Kombani! Hapo tu." Shemeji akadakia haraka, akidhani amemnasa: kama ni hapo tu, bei gani? Kijana akavuta pumzi, akaitazama barabara inavyoshuka kuelekea baharini kama mtu anayemuaga nduguye bandarini. "Mia nne. Kombani ni kuleeee."

Nilizihesabu. Zilikuwa nne, mia kwa kila moja. Asubuhi nzima hicho ndicho kipimo pekee kilichotoka sawasawa, na tukamlipa.

Ijumaa iliyofuata, tumetoka msikitini, nikamuona yule mzee wa bakora barazani na wenzake. Akaniita, akanishika mkono, akawaambia: huyu ndiye niliyewasimulia. Huyu ametoka Kombani mpaka Kwale kwa miguu, tasbihi haikutulia mkononi hata mara moja. Maili kumi na mbili, dhikri tupu!

Wazee wakanitazama kwa heshima ambayo nyumbani kwangu siipati. Maili kumi na mbili ni karibu kilomita ishirini, hata saa ya shemeji haikuthubutu. Nikafungua mdomo nimsahihishe, kisha nikakumbuka ni lipi lingine ambalo ningelazimika kulisahihisha.

"Kumi na nne, babu," akasema shemeji kutoka nyuma yangu. "Tulipitia njia ya mkato."