Vita vya Ufagio

Kwa mama mkwe wangu, uwanja usiofagiliwa ni aibu ya ukoo mzima. Alfajiri tunaamshwa na ufagio wake, kuanzia mlangoni hadi kwenye ua wa mabua, na jua likichomoza ardhi ya nyumba yetu hapa Ng'ambo, Tabora, imejaa michirizi na haina hata jani. Kilichokusanywa hutiwa kiberiti. Ndiyo maana yaliyotokea nyuma ya bafu yalijadiliwa kwa uzito wa kesi ya mirathi.

Nyuma ya bafu pana kibonde kinachopokea maji ya kuogea na ya kufulia. Masika yote ni tope, na magimbi yangu hustawi humo pamoja na migomba. Lakini mvua zetu zikishaaga Aprili au Mei, ni vumbi mpaka Novemba. Juni na Julai usiku una baridi na mchana upepo mkavu unanyonya ardhi. Oktoba jua linamalizia kilichobaki. Maji ya bomba yakipungua watu huoga kwa kopo, na kibonde kinaanza kupasuka. Gimbi lina jani pana na mizizi ya juujuu, halivumilii hayo.

Nikatandaza. Chini majani makavu ya mwembe, ambayo Tabora hayanunuliwi, juu yake nyasi alizoniletea kijana wa baiskeli, unene wa kiganja, nikiacha nafasi kuzunguka kila shina lisije likaoza. Asubuhi nikakuta ardhi tupu yenye michirizi, na moshi unapanda.

"Mama, yale majani nilikuwa nimeyaweka."

"Niliyaona, mwanangu. Nikasema umechoka, acha nikusaidie kuyaondoa. Nyoka je?"

Hoja ya nyoka haijibiki kirahisi. Baba watoto, mwalimu wa historia, akaombwa aamue. Akatupa somo: kwamba Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora hii, Novemba 1857, kwamba Livingstone alikaa tembeni Kwihara miezi kadhaa akisubiri wapagazi, akaondoka tarehe 25 Agosti 1872, kwamba misafara ndiyo iliyotuachia miembe.

"Na hiyo miembe," mama yake akamkatiza, "nani aliitandazia nyasi?"

Mwalimu akaomba chai. Jibu lilikuwepo: mwembe hujitandazia wenyewe, mradi ufagio usifike. Lakini hayo si maneno ya kumwambia mama mkwe mbele ya mwanawe.

Nikatandaza upya, nikamwomba ufagio uishie kwenye kona ya bafu. Akakubali shingo upande. Ndipo wakaja mchwa, ambao huku kwetu kila unyasi mkavu ni haki yao. Wakapaka udongo juu ya kila bua. Nilipofunua mahali pamoja, chini palikuwa na udongo mweusi, wa baridi, unaonata vidoleni, na mchwa weupe wakikimbilia mashimoni. Magimbi hawakuyagusa, mchwa wengi hula kilichokufa, na gimbi lililoshiba maji hulipita. Kuku wakawaona kabla sijafunika.

Mama mkwe wangu ujanani alikuwa akitega mchwa kwa chungu kilichojazwa mabua na samadi, awalishe vifaranga. Alisimama pale muda mrefu, mikono kiunoni, akiwatazama kuku wake wakila bila gharama. Kesho yake takataka za uwanja mzima hazikuchomwa. Alizimwaga kibondeni kwa mkono wake, akanilaumu kwamba nyasi nilizoweka ni chache.

Sasa kuku wakawa wanachakura mpaka viazi vya magimbi vinabaki nje. Nilipozungushia matawi ya miiba nikashtakiwa kwa mwalimu kwamba nawanyima kuku chakula. Tukafikia mkataba: kuku wanaingia mama mkwe akimaliza kufagia, wanatolewa jua likifika kwenye karo. Majogoo hawakushirikishwa katika mazungumzo, na hawautambui.