Muziki Usio na Maneno na Madhara Yake kwa Majirani

Muziki wa ala ni muziki unaopigwa bila kuimbwa, ambao kazi yote ya kumfurahisha msikilizaji, kumliza au kumtia usingizi imeachiwa nyuzi, pumzi na ngozi. Zanzibar, ambako taarabu husimuliwa kuwa ilikita mizizi tangu Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipompeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo akajifunze kupiga ala ya nyuzi iitwayo kanuni, muziki wa namna hiyo una heshima kubwa na wasikilizaji wachache. Heshima yake huonekana katika mpangilio wa onyesho, kwa kuwa vikundi vikongwe kama Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, vina desturi ya kufungua usiku kwa bashraf, yaani utangulizi wa ala tupu wenye sehemu kadhaa ziitwazo hana, ambapo kila hana ikimalizika hurudiwa kipande kimoja kiitwacho taslimu. Uchache wa wasikilizaji nao huonekana ukumbini, kwa sababu wakati bashraf inapopigwa ndipo watu wanapotafuta viti, wanapoamkiana, wanapoulizana habari za safari, na wanapokadiria bei ya gauni la aliyeingia sasa hivi.

Sababu ya hali hiyo si ukosefu wa adabu. Mshabiki wa taarabu huja na noti zake akingoja beti itakayomsemea yaliyo moyoni, na beti hiyo ikifika huinuka, hucheza polepole mpaka jukwaani na kumtunza mwimbaji, huku akihakikisha kwamba mlengwa, ambaye aghalabu ameketi safu ya tatu, ameona vizuri. Bashraf haina huduma ya aina hiyo, kwa maana haifumbi fumbo, haimsifu bibi harusi, haimkejeli aliyeachwa, wala haijapata kusikika kwamba mke mwenza alitoka ukumbini akilia kwa sababu ya hana ya pili. Anayempenda mpiga udi kwa udi wake tu hana mlengwa wa kumtunza mpigaji mbele yake, na hivyo hubaki ameketi na noti yake mfukoni, jambo ambalo huenda ndilo faida pekee ya kifedha inayotokana na muziki wa ala.

Upweke huo humfanya mpenzi wa ala awe mhubiri. Akishaipata samai, ambayo ni nduguye bashraf inayokwenda kwa mwendo wa mapigo kumi, hawezi kuisikiliza peke yake akatulia, bali huituma katika kundi la WhatsApp la familia, akianza na Samai Bayati ya Ibrahim al-Aryan wa Misri, ambayo wanafunzi wengi wa udi huanzia hapo, kisha Samai Shad Araban ya Tanburi Cemil Bey wa Istanbul, aliyeishi kuanzia 1873 hadi 1916 na ambaye wapiga nyuzi wa leo bado humtaja kwa kushusha sauti. Majibu ya kundi huwa hayapishani sana. Shangazi huandika "Mashaallah" bila kufungua, binamu huuliza mwimbaji anaingia dakika ya ngapi, na mjomba aliye ughaibuni, kwa kuwa amesikia udi mtupu unaolia kwa huzuni alfajiri, huuliza kwa hofu kuna msiba gani nyumbani. Baada ya hapo huhitajika nusu saa ya kuuthibitishia ukoo kwamba wote ni wazima, na ifikapo wakati huo hakuna tena mwenye hamu ya kuzungumzia samai.

Mhubiri akikosa waumini hubakiwa na njia moja, nayo ni kujifunza kupiga mwenyewe. Zamani shule ya jambo hilo ilikuwa kwenye vikundi, ambako kijana alikaa nyuma ya mpigaji mzee akimwibia vidole kwa macho, au katika kidumbak, ngoma ya arusini inayotumia fidla, vijigoma viwili vidogo na sanduku, yaani besi iliyoundwa kwa kasha la majani ya chai, fimbo na uzi mmoja. Sanduku lina thamani kubwa kwa utafiti wa ajali za kimuziki, kwa sababu limethibitisha kwamba hata penye uzi mmoja tu mwanafunzi anaweza kuupata usiokuwa wenyewe. Tangu 2002 ipo pia Dhow Countries Music Academy katika Mji Mkongwe, ambayo kwa miaka mingi ilifundishia katika jumba la zamani la forodha huko Mizingani, mbele ya bahari, na iliyowapa vijana walimu na madarasa.

Ajali za mwanzo hutokana na umbo la ala yenyewe. Udi una tumbo la mviringo kama nusu ya papai, shingo fupi, na kichwa kilichopindwa nyuma, na ulibuniwa na watu ambao bila shaka walikuwa na mapaja yasiyoteleza. Mwanafunzi anayeketi nao kwa mara ya kwanza hugundua kwamba ukimwelekea hushuka magotini, na ukimpa mgongo hukimbilia tumboni, kwa hiyo huukumbatia kwa mkono wa kulia kwa nguvu zote ili usianguke, kisha hushangaa kuwa mkono uliopaswa kupiga nyuzi umeshaajiriwa kwingine. Kwa kuwa shingo ya udi haina vizuizi vya kuonyesha mahali pa kila noti, kama vile gitaa lilivyo navyo, mwanafunzi huinamisha kichwa kuvitazama vidole vyake, akainama, akazidi kuinama, mpaka mwalimu akamkumbusha kwa upole kwamba udi husikilizwa kwa masikio na si kwa kidevu. Risha nayo, yaani kibanzi kirefu na chembamba cha kupigia, ambacho asili yake ni unyoya wa ndege na siku hizi mara nyingi ni plastiki, hushikwa kwa kuchomozea chini ya kiganja, na mgeni wa kazi hiyo huibana kana kwamba kuna mtu anamnyang'anya, hata vidole vikamfa ganzi kabla ya nyuzi kutoa sauti.

Ajali ya pili, ambayo ndiyo ya gharama zaidi, hutokea wakati wa kusawazisha sauti za nyuzi. Udi wa kawaida una nyuzi kumi na moja, jozi tano na uzi mmoja mnene wa peke yake, na kila uzi una kigingi chake kichwani, vingine upande huu na vingine upande ule. Mwanafunzi hugonga uzi anaoutaka, husikia uko chini, hukaza kigingi, hugonga tena, husikia haujapanda, hukaza tena kwa subira ya mtu aliyelelewa vizuri, na huendelea hivyo mpaka unasikika mlio mkali na uzi mwingine kabisa, uliokuwa umekaa kimya na haukuwa na kosa lolote, unamchapa kwenye shavu. Hapo ndipo anapotambua kwamba sikio lake lilikuwa kwenye jozi ya tatu na mkono wake kwenye kigingi cha jozi ya kwanza. Duka linalouza nyuzi za udi halipatikani kila mtaa, na wahenga waliosema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi hawakueleza mhunzi afanye nini mpaka koleo jingine lifike kwa jahazi.

Aliyeuona udi mgumu akahamia kanuni huwa ameruka majivu. Kanuni ni ubao wa pembe nne usio sawa upande, unaolazwa mapajani au mezani, na nyuzi zake kwa kawaida hufika 78, zikiwa zimepangwa tatutatu kwa kila noti, ili tatu hizo zisikike kuwa ni moja. Katika miezi ya masika, unyevu unapovimbisha mbao na kulegeza ngozi iliyo chini ya daraja la nyuzi, tatu hizo husikika kuwa ni tatu, na mwanafunzi anayeanza kusawazisha baada ya Alasiri huikuta Magharibi ikimsubiri kwenye noti ya kumi. Mpigaji huvaa pete katika vidole vya shahada vya mikono yote miwili, na kila pete hubana kirisha kidogo kinachogusa nyuzi. Pete zilizoazimwa kwa mpigaji mwenye vidole vinene humzunguka mwanafunzi mwembamba kidoleni, kirisha hupinduka kikatazama dari, na pigo la nguvu likija huweza kuchomoka na kutua katika kikombe cha chai cha mwalimu, ambaye kwa uzoefu wake hukifunika kikombe kila wanafunzi wapya wanapoingia.

Hata ala ikikubali kukaa, na nyuzi zikikubali kulingana, linabaki suala la robo toni. Muziki wa Kiarabu, ambao taarabu ya Unguja imeurithi, hupangwa katika makamu, yaani ngazi za sauti zenye tabia na hisia zake, na baadhi ya makamu hayo yana noti zinazokaa kati ya noti mbili za piano, mahali ambapo piano haina kitufe. Noti ya pili ya makamu ya bayati ni mojawapo. Mwanafunzi akiishusha kupita kiasi huambiwa ameua bayati, akiipandisha huambiwa amekwenda Ulaya, na akiuliza hasa iko wapi huambiwa kwamba ataijua akiifikia. Majibu hayo yanaudhi, lakini yana historia ya kuyatetea, kwa sababu mwaka 1932 wataalamu wa muziki kutoka nchi za Kiarabu, Uturuki na Ulaya walikutana Cairo katika kongamano kubwa la muziki wa Kiarabu, wakajadili pamoja na mengine mahali halisi pa robo toni, na hawakukubaliana wote. Kijana wa mtaa wa Malindi, Unguja, anayeikosa kwa unywele mmoja jioni ya Jumanne ana haki ya kujihesabu kuwa mshiriki wa mjadala huo.

Jamii inayomzunguka haina elimu hiyo ya kongamano. Katika Mji Mkongwe, ambako vichochoro ni vyembamba na dirisha la nyumba moja hulichungulia la nyumba ya pili, hakuna mazoezi ya faragha, na mwanafunzi anayerudia vipimo viwili vilevile mara arobaini huwa anaufundisha mtaa mzima makosa yake. Hata hivyo jirani muungwana hagombi. Hubisha hodi, huleta sahani ya vitumbua iliyofunikwa kwa kawa, huketi, huuliza hali za wote mmojammoja, kisha husema kwa sauti ya huruma: "Na mgonjwa wenu anaendeleaje? Jana usiku tulisikia anavyougulia." Mama wa nyumba akijibu, "Hatuna mgonjwa, bi mkubwa, ni udi tu," mgeni huitikia kwa imani thabiti: "Basi Inshallah utapona."

Mitihani yote hukutana siku wanafunzi wanapopiga pamoja samai yao ya kwanza mbele ya watu. Mwendo wa samai, kama ulivyotajwa, ni wa mapigo kumi, ambapo pigo zito, liitwalo dumu, huangukia la kwanza, la sita na la saba, na pigo jepesi, liitwalo taka, huangukia la nne na la nane, na yaliyobaki ni ukimya unaopaswa kuheshimiwa. Mwenyezi Mungu amemjaalia binadamu vidole kumi, vinavyotosha kabisa kuhesabia samai, isipokuwa kwamba wakati wa kupiga vyote huwa kazini. Aliyekwisha kuuzoea mwendo huo hukutwa na hana ya nne, ambayo kwa desturi huacha kumi na kuingia katika mwendo mwepesi zaidi, mara nyingi wa tatu, na hapo ndipo fidla huvuka, udi hubaki ng'ambo, na mpiga rika, yaani tari ndogo yenye vyuma vinavyolia, humtazama kila mmoja kwa zamu akitafuta wa kumfuata. Baadaye nusu ya kundi hurudi kwenye taslimu, nusu nyingine huanza upya hana ya tatu, na kwa dakika nzima husikika samai mbili kwa wakati mmoja, jambo ambalo Tanburi Cemil Bey kwa ustadi wake wote hakuwahi kulifanya. Wazazi hushangilia, kwa kuwa hawakujua kulikuwa na kosa, na hilo ni fadhila nyingine ya muziki usio na maneno: mwimbaji akisahau beti ukumbi mzima hujua, lakini mpiga ala akipotea, wanaojua ni wale waliopotea naye.

Fadhila hiyo ndiyo inayoeleza faida ya kujifunza, hata kwa yule ambaye hatafikia kupiga vizuri. Aliyewahi kukata uzi usio na hatia, na aliyewahi kuitafuta noti ya pili ya bayati akaikuta siku moja kwa bahati na kuipoteza siku ya pili, hawezi tena kuzungumza wakati bashraf inapopigwa, kwa kuwa anaijua bei ya kila kipimo anachokisikia. Kumbi za taarabu hazina upungufu wa wapigaji hodari. Wanaokosekana ni watu waliopiga vibaya kiasi cha kutosha kuwasikiliza. Basi mwenye udi uliotundikwa ukutani kuwa pambo aushushe, anunue nyuzi, tena seti mbili, amkabidhi kijana wa nyumbani na amtafutie mwalimu. Na jirani atakayekuja kuuliza hali ya mgonjwa akaribishwe, apewe kiti, na afundishwe kuhesabu mpaka kumi.