Kapita wa samaki

Karatasi yangu ya kazi inasema kwamba ninasimamia samaki. Huo ni uongo wa heshima. Samaki hawahitaji msimamizi: hawachelewi kazini, hawaombi mshahara kabla ya mwezi kwisha, wala hawana shemeji anayetafuta kibarua. Ninachosimamia hapa Kiringye ni kila kiumbe kinachomtaka samaki. Viumbe hivyo ni vingi. Kuna vyenye manyoya, kuna vyenye mkia mrefu, na vilivyo hatari zaidi hunisalimia kwa adabu kila asubuhi: "Jambo, kapita. Samaki wetu wameamkaje?"

Ile "wetu" ndiyo inayonitia homa.

Chukua habari ya maji. Uwanda wa Ruzizi una jua la kutosha na la akiba, lakini mvua yake ni ya kubahatisha. Maji tunayategemea kutoka milimani, yakishuka kwa mito na mifereji, na mfereji haukuchimbwa kwa ajili ya samaki bali kwa ajili ya mpunga. Kuna zamu ya kufungulia maji, na mchana kila mtu anaifuata. Usiku kuna zamu nyingine, ya mwenye jembe na tochi.

Alfajiri moja mlinzi akaja kunigongea dirisha. Mlinzi wetu ni mtu wa kanisa, wa kukesha na kufunga. "Kapita, amka uone maajabu. Samaki wanaomba." Nikatoka na kandambili mguu mmoja. Kweli bwana: bwawa zima vichwa juu, midomo ikifunguka na kufumba kwa pamoja, macho yametazama mbinguni. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha vua kofia.

Haikuwa ibada. Maji yakizidi kuwa ya kijani, vile vijimea vidogo vinavyoyapaka rangi hutengeneza hewa mchana kwenye jua, lakini usiku navyo huivuta, na kabla hakujapambazuka ndipo hewa inapokuwa imekwisha majini. Samaki hupanda juu kutafuta mabaki. Dawa ni kuacha kuwalisha na kuwaingizia maji mapya haraka. Tatizo ni kwamba maji mapya yalikuwa yamelala kwa jirani.

Nikamkuta mzee ameketi juu ya tuta, jembe magotini, shamba lake linametameta.

"Muzee, samaki wanakufa."

"Mupunga nao unakufa, kapita, ila wenyewe haufungui mdomo. Ndiyo maana hakuna anayeukimbilia asubuhi."

Nilikosa la kujibu. Tukapatana: nusu ya mfereji mpaka jua litoke, na yeye apate ngege mmoja mnono siku ya kuvua. Kwenye daftari, pale penye gharama za maji, nikaandika: ngege 1. Mhasibu hajawahi kuniuliza. Nadhani naye ana mpunga mahali fulani.

Ngege, au tilapia kama wanavyomwita wenye semina, ana tabia moja inayomfilisi mfugaji: anapenda familia. Jike anaanza kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne, kabla hajafikia hata kutosha sahani. Mayai anayaweka mdomoni, anayatotoa humo humo, na watoto wakishtuka wanarudi kujificha mdomoni mwa mama. Ni mama bora kabisa, na kwa sababu hiyo bwawa linajaa watoto wasiokua, wanagombania pumba, na siku ya kuvua unapata uzito wa karatasi. Kwa hiyo wenye akili huweka madume matupu. Kuna wanaotumia dawa ya homoni kwenye chakula cha vifaranga. Sisi tunatumia macho. Unamshika samaki kwa kitambaa chenye maji, unamgeuza tumbo juu, unampaka tone la wino nyuma ya tumbo. Dume ana matundu mawili, jike matatu.

Kwenye ubao wa semina jambo hilo huonekana wazi kabisa. Kando ya bwawa, samaki akiteleza na jua likikupiga machoni, ni jambo la kubishaniwa. Fundi wetu wa wavu, mtu mzima mwenye wajukuu, alimgeuza mmoja, akamtazama sana, akamsogeza karibu na pua, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Huyu tumuulize mwenyewe."

Hata hivyo, kila dume lililoingia bwawa la madume lilithibitishwa na watu watatu. Baada ya miezi kadhaa, vifaranga wakaanza kuonekana pembeni, pale maji yanapopata joto, makundi kwa makundi. Tukaita mkutano. Fundi wa wavu akasema huenda ni muujiza. Mlinzi, ambaye bado alikuwa na uchungu wa ile habari ya ibada, akakataa katakata: "Muujiza hauzai kila mwezi."

Wataalamu wanasema ikifika hapo uweke kambale wachache, wawale hao watoto waliozidi. Ni ushauri mzuri, wa watu wanaolala mjini. Kambale ana kiungo cha ziada cha kuvuta hewa ya nje, na ardhi ikilowa anaweza kutoka bwawani na kujikokota kwa yale mapezi yake yenye miiba, akatafute maji mengine. Yaani ni samaki anayejua kuhama. Usiku wa mvua kubwa ya masika, bwana mmoja aliyekuwa anarudi kutoka kwenye pombe ya kasiksi alikutana nao njiani, wanakwenda kwa mstari, bila haraka. Alirudi alikotoka mbio akieleza kwamba samaki wanatembea. Walimcheka mpaka machozi; mkewe akaapa kumpeleka kwa mchungaji. Hakuna aliyemwamini, lakini asubuhi ile, nyumba zote zilizopakana na njia hiyo zilinukia mchuzi. Nilipopita kuuliza, nilikaribishwa kila mahali kwa maneno mazuri, vifuniko vikiwa juu ya sufuria.

Habari za ndege sizizungumzi sana, zinanichosha. Tulisimamisha sanamu ya kuwatishia, tukaivika koti langu la zamani. Mdiria akaona ni mahali pazuri pa kukaa akichagua samaki: anatua begani, anaruka, anasimama hewani akipigapiga mabawa, anadumbukia, anarudi begani kumeza. Kenge naye anaotea jua chini yake. Jioni moja nilimsikia mama mmoja akiiomba ile sanamu samaki wawili wa mboga, na aliponiona upande wa pili akakasirika kwamba nilikuwa ninamsikiliza tu.

Lakini kelele zote hizo ni ndogo ukilinganisha na zile za mjini Uvira, kando ya ziwa. Huko ukitaja kwamba unafuga samaki, watu wanakutazama kama mtu anayeuza jua. Wana haki yao. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, duniani ni Baikal tu inayolizidi, na mimi ninajivunia bwawa linaloishia kifuani. Mtoto wa Uvira amekua kwa ndagala na mukeke. Ziwa lake limelisha hata majirani, maana sambaza wanaovuliwa leo Ziwa Kivu wametokana na ndagala waliobebwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Ukimwambia kwamba wavuvi nao wanalalamika, kwamba mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wapate kuzaa, anakujibu jambo moja tu: samaki wa bwawa ananuka matope.

Na hilo, kusema kweli, linatokea. Kuna vijidudu vya majini vinavyompa samaki harufu ya udongo. Dawa yake ni kumweka siku chache katika maji safi yanayopita, bila chakula, mpaka harufu iishe. Nilimweleza hivyo mteja wetu mkubwa, mama mwenye beseni na kilemba ambaye hununua kwa kubonyeza kila tumbo na kunusa kila shavu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unaniuzia samaki mwenye njaa, na bei ni ile ile?"

Nikampunguzia, nikamwongezea na matabishi mawili juu, akapanda pikipiki na beseni lake.

Siku chache baadaye nilikuwa na safari ya mjini, nikapita sokoni. Nikamsikia kabla sijamwona: "Ngege ya ziwa! Ya ziwa, ya leo hii!" Beseni lilikuwa lile lile, samaki walikuwa wale wale, na mmoja alikuwa bado na wino wangu nyuma ya tumbo. Bei ilikuwa imepanda karibu mara mbili. Nikasimama mbele yake, nikafungua mdomo.

"Kapita," akasema taratibu, huku akimfungia mteja samaki, "nyamaza kidogo. Ninakutafutia soko."