Kati Yako na Marimba, Nani Atapigwa?

Ukiingia Bagamoyo na vijisenti mfukoni, haupiti muda utaoneshwa marimba ya mkono: kisanduku cha mbao chenye vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba. Wagogo huiita ilimba. Mji huu unaijua, maana Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipiga mpaka Ulaya ikamsikia, alikuwa mwalimu wa Chuo cha Sanaa hapa, ambacho leo ni TaSUBa, na alifariki mwaka 2003. Hayo hayakuhusu. Wewe unatafuta ya bei poa, basi fuata mwongozo.

Anza na twiga. Marimba ya maana ina twiga amechorwa ubavuni. Akiwa na mtoto wake, ongeza dau. Ukikuta sanduku halina mnyama hata mmoja, tena limelika pale vidole gumba vinapopita, achana nalo. Huenda kuna mtu alikuwa akilipiga.

Usijaribu sauti. Ukishindwa kujizuia, gusa chuma kimoja tu, kile kirefu cha katikati, kisha tikisa kichwa kifundi. Wasumbufu huanzia hapo wakabonyeza vyote, kulia, kushoto, kulia, kwa kuwa sauti hupanda hivyo kuelekea pembeni. Matokeo yake wanagundua vyuma vitatu vina sauti moja na cha nne ni bubu. Watu wa namna hiyo hawana raha ya safari.

Wala usivitikise vyuma hivyo. Kwenye ilimba ya kweli, chuma husukumwa au kuvutwa juu ya daraja lake: kikirefuka sauti inashuka, kikifupika inapanda. Kwenye ya twiga vimegandishwa kwa gundi, na vanishi imepakwa juu ya kutu ya pwani. Haitapoteza sauti kamwe. Haijawahi kuwa nayo. Ukitaka uhakika zaidi, tumia ile programu ya simu ya kupimia gitaa. Mpangilio wa sauti za Kigogo haufuati kinanda, kwa hiyo simu itakuambia ilimba nzuri imekosewa. Iamini simu.

Sasa mvumo. Ilimba ya kweli ikipigwa, huvuma kama nyuki aliyefungiwa sandukuni. Mnunuzi makini hushtuka: "Kaka, mbona hii imepasuka?" Haijapasuka. Sanduku lina tundu, na tundu limezibwa kwa utando wa buibui; chuma kikigongwa, utando nao unatetemeka. Mpigaji huutafuta mvumo huo kwa bidii, na utando ukitoboka hubandika mwingine. Wewe mtu msafi, upanguse kwa kidole.

Kuhusu bei, utaambiwa ni "ya kufungulia duka, bosi wangu," hata kama ni saa kumi na moja jioni na duka linafungwa. Furahi. Lipa. Nenda kaitundike sebuleni, wageni wataisifu wakiwa mbali.

Mkaidi asiyetaka ushauri huu amkabidhi muuzaji chombo na kumwomba apige wimbo mmoja. Muuzaji akianza kusifia mbao badala ya kupiga, mshukuru, uondoke. Walimu na wanafunzi wa TaSUBa hawako mbali. Waulize marimba zao zimetengenezwa na nani, umfuate huyo, na akitaja bei usimkabe sana.