Ubuyu wa Tangini

Ukipita Tangini, Kibaha, ukasikia "jirani, njoo nikupe ubuyu," usikimbilie bakuli. Kamusi itakuambia ni mbegu za tunda la mbuyu. Barazani ni habari za mtu ambaye hayupo. Wazee walisema umbea, wakasema kusengenya, maneno yanayonuka dhambi hata kabla hujayamaliza. Huu wa sasa umepakwa sukari na rangi, kama ule wa Zanzibar: unamumunywa taratibu, mbegu inatemwa, ulimi unabaki mwekundu. Na kwa ulimi huohuo mtu anaapa: "Mimi si mmbea, shoga yangu, nimeonjeshwa tu." Kisha anasogeza kigoda.

"Enhe, na mumewe alisemaje?"